Kamba, Ubao na Barza: Kueleza Maisha ili Kupona



Katika majimbo yetu ya mashariki kuna kazi moja ambayo imeongezeka sana tangu vita vya mwaka wa 1996: kazi ya kusikiliza watu. Zamani hatukujua kama kusikiliza ni kazi ya kulipwa mshahara. Leo kuna nyumba za kusikilizia katika vijiji, kuna asistanti wa jamii katika mahospitali, kuna washauri wanaotembelea wakimbizi. Wote wanamwomba mtu kitu kimoja: "Eleza vile ilipita."

Sisi tunaofundisha historia jambo hili linatugusa, juu kueleza vile ilipita ni kazi yetu pia. Na tunaona shida yake. Katika mashule yetu kuna mabinti ambao wamekwisha kueleza jambo moja mara tano ao sita: kwa muganga, kwa polisi, kwa shirika moja, kwa shirika la pili, kwa mgeni mwenye kamera, kisha kwa mwalimu. Mmoja wao alituambia: "Mwalimu, ile habari haiko yangu tena. Batu bote banaijua, na miye nabakia paka na haya."

Maneno hayo yanatusukuma kuuliza: je, kueleza maisha kunaponya ao kunaumiza? Tunataka kujibu kwa njia ya historia. Wazee wetu walikuwa na vyombo vya kueleza mambo mazito, na vyombo vile vilikuwa na sheria zake. Wataalamu wa leo wamefika karibu na mafasi ileile kwa njia nyingine. Tukilinganisha, tutaona ya kwamba dawa haiko katika kusema peke yake. Iko katika namna ya kusema, katika wale wanaosikia, na hasa katika kujua mwenye habari ni nani.

1. Kamba ya Balega

Tuanzie kwa Balega, watu wa Mwenga, Shabunda na Pangi. Kwao kulikuwa kamba inayoitwa mutanga. Juu ya kamba hiyo walitundika vitu vidogo vidogo: unyoya, mfupa, koa la konokono, kipande cha kibuyu, kijiti. Kila kitu kilibeba methali yake, na methali moja iliweza kuwa na maana zaidi ya moja. Mtu aliyeijua kamba aliweza kufundisha vijana kwa muda mrefu bila kufungua kitabu.

Angalieni hekima yake. Mzee mwenye kutaka kuonya aliweza kushika kitu kwenye kamba na kutoa methali, pasipo kumnyooshea mtu kidole. Mwenye kosa alijisikia mwenyewe. Wengine walicheka ao walinyamaza. Hakuna aliyevuliwa nguo mbele ya watu, na hata hivyo neno lilifika.

Jamii ya bwami ilifuata njia hiyohiyo. Bwami ilikuwa na madaraja, mpaka kufika kindi ambalo ni la juu kabisa, na wanawake walipanda pamoja na waume zao. Mafundisho yalipitia methali, ngoma na sanamu. Sanamu yenye vichwa vingi, Sakimatwematwe, ilikumbusha mtu anayeangalia pande zote kabla ya kusema. Sanamu nyingine zilionyesha tabia mbaya na matokeo yake. Kosa lilikaa ndani ya sanamu, halikukaa katika jina la jirani. Kwa hiyo watu waliweza kuliangalia kosa pamoja, kulizunguka, hata kulicheza, bila mmoja wao kuangamizwa.

Utawala wa Wabelgiji haukuelewa hivyo. Uliiona bwami kuwa ni hatari, ukaivunja kwa amri mwaka wa 1948. Sanamu nyingi zilikwisha kwenda Ulaya, na leo ziko ndani ya vioo katika makumbusho. Watu wa kule wanazisifu uzuri wake, lakini methali zilibakia huku, na wenye kuzijua wanapungua kila mwaka.

2. Ubao wa Baluba

Tushuke sasa upande wa kusini, kwa Baluba wa Katanga. Huko watu wa mbudye, waliokuwa walinzi wa habari za ufalme, walikuwa na ubao unaoitwa lukasa. Ni ubao wa mti, unaoweza kushikwa kwa mkono mmoja, umepigiliwa shanga, makoa na vipande vya chuma, ao umechorwa alama. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga, huku anaeleza: hapa ni njia ya safari, hapa ni mfalme na watu wanaomzunguka, hapa ni mafasi ya mizimu.

Kwa ubao huo walieleza habari ya Nkongolo Mwamba, mfalme mkali. Ya Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni aliyekuja na adabu mpya. Na ya mtoto wake Kalala Ilunga, aliyemshinda Nkongolo. Hizo si habari tamu. Ndani yake kuna damu, kuna mjomba anayetaka kuua mtoto wa dada yake. Hata hivyo watu walizieleza, juu zilikuwa na mafasi ya kuelezwa na mtu aliyefunzwa kuzieleza.

Jambo moja linafaa kukumbukwa hapa. Shanga za lukasa zilikuwa zilezile, lakini maelezo hayakuwa yaleyale kila siku. Msomaji aliangalia waliokaa mbele yake na sababu iliyowakutanisha, kisha akaeleza kufuatana na hiyo. Watu wa darasani wanaweza kusema huo ni uongo. Sivyo. Yaliyopita hayabadiliki, shanga hazing'oki. Lakini njia ya kidole kutoka shanga moja mpaka nyingine inaweza kubadilika. Mtu aliyepatwa na mabaya anahitaji kujua neno hilo. Siku ile mbaya haitafutika katika maisha yake, lakini si sherti kidole chake kisimame pale kila siku.

3. Barza na mipaka yake

Neno barza tulilipokea pamoja na Kiswahili, kilichoingia kwetu kwa njia ya misafara ya biashara katika karne ya 19, kupitia Nyangwe na Kasongo. Lakini jambo lenyewe lilikuwa la zamani kuliko neno: wazee wanakaa, wenye ugomvi wanaeleza, kila mmoja anasikilizwa mpaka mwisho, kisha maneno yanatafutiwa njia. Katika barza, kueleza hakuishii hewani. Wanaosikia wanabeba mzigo nusu. Wanapaswa kujibu, kupatanisha, kulipisha, kusindikiza.

Lakini tusifanye sawa wale wanaosifu kila kitu cha zamani. Katika barza nyingi mwanamke alisemewa na kaka yake ao mume wake. Kijana alingojea. Mtumwa hakuwa na sauti. Na kwa mambo ya kubakwa, mara nyingi mashauri yaliishia kwa mbuzi iliyotolewa kati ya jamaa mbili, na mwenye kuumia hakuulizwa chochote. Leo sheria ya nchi inakataza mapatano ya namna hiyo: sheria za tarehe 20 Julai 2006 zilikaza azabu juu ya ubakaji, na hakuna mbuzi inayoweza kuzima kesi. Kwa hiyo tunachotafuta kwa wazee si hukumu zao zote. Tunatafuta ule ufundi wa kumpa mtu mafasi ya kusema pasipo kumvunja.

4. Watu walioandikwa, wasiosikilizwa

Ukoloni ulileta namna nyingine ya kuuliza watu habari zao. Mtu aliulizwa jina, kijiji, mfalme wake, kodi aliyolipa, ugonjwa alionao. Majibu yalikwenda kwenye karatasi, na karatasi ikakaa kwa bwana. Katika miji ya kazi, fwaye sosiali zilifundisha wanawake kushona, kupiga pasi, kupika na kulea watoto. Hatusemi hayo hayakuwa na faida. Mama zetu wengine walijifunza mengi pale. Lakini kazi ya jamii wakati ule ilikuwa kufundisha na kuangalia nyumba za watu. Anayejua ni mmoja, naye ndiye mwenye kuingia na daftari.

Basi watu wakatafuta namna yao ya kueleza. Mwaka wa 1965, André Yav aliandika kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Aliiandika kwa Kiswahili cha huko, kile cha maboyi na cha kambi za wafanyakazi, bila kuomba ruhusa kwa watu wa sarufi. Mwanafunzi wa mambo ya watu, Johannes Fabian, alikichapisha kitabu hicho pamoja na maelezo mwaka wa 1990. Fabian huyo ndiye aliyekutana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu pale Lubumbashi, aliyechora katika miaka ya 1973 na 1974 picha karibu 100 za historia ya nchi, na kuieleza kila moja kwa mdomo. Na tangu mwaka wa 2000, kazi ya Mémoires de Lubumbashi imekusanya makumbusho ya wakaaji wa mji ule kwa sauti zao na kwa vitu vya nyumba zao.

Tunayataja hayo kwa sababu moja. Boyi aliyeandikwa miaka mingi katika madaftari ya wengine, siku alipoandika mwenyewe, alisimama kwa namna nyingine. Habari ilikuwa na uchungu uleule, lakini ilikuwa imerudi mikononi mwake.

5. Wataalamu wa leo wanasema nini

Tuone sasa wale wanaofanya kazi ya ushauri. Mwaka wa 1990, Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand walitoa kitabu juu ya kusaidia watu kwa njia ya masimulizi. Mafundisho yao kwa ufupi ni haya: usimchanganye mtu na shida yake. Mtoto mwenye woga si "mwoga". Woga ni kitu kinachomtembelea. Basi mshauri anauliza: ulianza kuja lini? Unakudanganya kwa maneno gani? Siku gani ulikuja na wewe ukaushinda? Kidogo kidogo mtoto anaona kuna habari nyingine katika maisha yake, ambayo shida ilikuwa imeifunika. Wakati mwingine wanaita watu wa kusikiliza, na hao hawatoi hukumu wala mashauri. Wanasema tu ni neno gani limewagusa. Msomaji mwenye kukumbuka sanamu za bwami ataelewa mara moja.

Katika Afrika yetu, Ncazelo Ncube, mshauri kutoka Zimbabwe, pamoja na David Denborough, walitengeneza njia inayoitwa Mti wa Uzima, kwa watoto waliopoteza wazazi. Mtoto anachora mti. Mizizi ni pale anapotoka na wale waliomfundisha. Udongo ni maisha yake ya kila siku. Shina ni yale anayoyaweza, matawi ni matumaini, majani ni watu anaowapenda, matunda ni yale aliyopewa. Kisha miti yote inabandikwa ukutani na kuwa msitu. Ni baada ya hapo tu ndipo watoto wanasemezana juu ya dhoruba zinazopiga miti, na namna msitu unavyosimama. Mtoto anaanza kusema akiwa amekanyaga mafasi ngumu.

Njia ya tatu ilitoka chuo kikuu cha Konstanz, huko Ujerumani. Hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe, na inatumia, tafadhali mwone, kamba. Mtu anaitandika kamba chini, tangu kuzaliwa mpaka leo. Kwa siku njema anaweka ua, kwa siku mbaya anaweka jiwe. Kisha, kwa siku kadhaa, pamoja na mshauri anapita maisha yake yote kwa utaratibu, na mshauri anaandika. Mwishoni habari iliyoandikwa inasomwa na kupewa mwenyewe. Njia hiyo ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Sudan huko Uganda, na matokeo yalitolewa mwaka wa 2004. Baadaye, katika kambi ya Nakivale, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwa washauri wa wenzao, Wanyarwanda na Wasomali, na ikasaidia. Mashariki mwa Kongo ilijaribiwa kwa watu waliokuwa wapiganaji, na matokeo yakatolewa mwaka wa 2013.

Lakini mwaka huohuo wa 2013 yalitolewa matokeo mengine kutoka Kivu, ambayo wenye haraka ya kuuliza wangepaswa kuyasoma vizuri. Wanawake 405 waliotendewa ubakaji, katika vijiji 15, walifuatwa. Katika vijiji vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Katika vijiji vingine walikaa katika vikundi, wakajifunza kuchunguza mawazo yaliyowafunga, kama vile "ni kosa langu" ao "sifai tena". Katika vikundi hivyo hakuna aliyelazimishwa kueleza kwa urefu jambo lililompata. Na wa vikundi ndio waliopona zaidi.

Basi tufahamu nini? Kuna wanaoponywa kwa kueleza jiwe lote, taratibu, mbele ya mtu aliyefunzwa. Kuna wanaoponywa kwa kukaa na wenzao na kunyoosha mawazo, jiwe likibakia mafasi yake. Hakuna mahali tunapoona mtu ameponywa kwa kujibu maulizo ya kila mpita njia.

6. Habari ya sheria na habari ya kupona

Hapa kuna jambo ambalo watu wanachanganya. Kuna kueleza kwa ajili ya haki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2010 juu ya uhalifu uliotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003 ilitaja matukio makubwa 617, na isingeandikwa pasipo watu kukubali kushuhudia. Vilevile sheria ya tarehe 26 Desemba 2022, juu ya ulinzi na fidia ya wahanga, haiwezi kufanya kazi kama wahanga hawajulikani. Kushuhudia ni tendo la ujasiri, na nchi inalihitaji.

Lakini ushahidi una mwenye kuuliza, una tarehe, saa, silaha, rangi ya nguo. Unatafuta siku ile tu. Kueleza kwa ajili ya kupona kunatafuta mtu mzima, tangu mizizi mpaka matunda. Mtu akiambiwa anakuja kusaidiwa, kumbe anatolewa ushahidi ao picha ya kupelekea wafadhili, hapo amedanganywa, na atafunga mlango wa moyo wake hata kwa yule atakayekuja kwa nia safi.

Wengine wanatumia methali ya kwamba mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Ni kweli. Ila methali hiyo inamtuma mgonjwa kwa muganga, haimtumi sokoni.

7. Sisi tufanye nini?

Mwaka wa 2025 Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa M23, ya kwanza mwezi wa kwanza, ya pili mwezi wa pili. Kambi zilizozunguka Goma zikabaki tupu, watu wakatawanyika tena, wenye kusikiliza na wenye kusikilizwa pamoja. Katika hali kama hiyo, wengi hawatampata mshauri mwenye diplome. Watampata mwalimu, mama wa kanisa, muganga wa dispanseri, yaya wa jirani. Kwa hiyo tunatoa maneno machache kwa hao, na kwetu wenyewe.

Kwanza, tusiulize habari ambayo hatuko tayari kubeba nusu yake. Kama hatuwezi kusindikiza, tuseme tu: "Pole, mama. Niko hapa. Ukitaka kusema siku moja, nitasikia." Hiyo inatosha, na ni afadhali kuliko maulizo mia.

Pili, tuanze na mizizi. Nani alikulea? Wimbo gani mliimba kwenu? Ulikuwa hodari kwa kazi gani? Mtu asijulikane kwetu kwa jiwe peke yake.

Tatu, tutumie kitu kati yetu na uchungu: mti uliochorwa, kamba, kijiti, methali. Mtoto asiyeweza kusema "mimi" ataweza kusema "huu mti".

Nne, karatasi. Tumwambie mtu wazi inakwenda wapi na nani ataisoma. Akikataa, tuiache. Ikiandikwa, apewe yake.

Tano, tuheshimu kunyamaza. Katika mutanga si kila kitu kinashikwa siku moja. Vingine vinabakia vimetundikwa, na hakuna anayesema kamba imepotea juu ya hilo.

Kwa kumaliza

Balega, Baluba na wazee wa barza hawakusoma vitabu vya Australia wala vya Ujerumani, na watu wa kule hawakuhitaji kuja kuiba kamba yetu. Wanadamu wote wanaoumia wanatafuta mafasi ya kuweka habari yao chini, kuiangalia, na kuishika tena kwa mkono wao. Tunaomba vijana wa ushirika wetu wawaendee wazee waliobakia, waandike methali pamoja na vitu vyake, pamoja na jina la kila mzee anayekubali litajwe. Na tunaomba kila asistanti wa jamii anayeingia kijijini aulize kwanza: huku, watu wanaeleza mambo mazito kwa njia gani? Atapata jibu, na jibu hilo litamfaa kuliko karatasi nyingi za maulizo.

Binti yule aliyesema habari haiko yake tena alikuwa anatoa mashitaka. Sisi watu wazima ndio tunaopaswa kuyajibu, kwa namna tutakavyomsikiliza mtoto atakayekuja kesho.